Bolti za chini zilizoshikwa na kutu: namna ya kuzitoa bila kuharibu gari, na ipi ya kurudisha

Spana19 (Uyole, Mbeya) – mleta mada

Habari zenu wakuu.

Naweka uzi huu kwa sababu kila mvua zikianza huku juu, magari yanaingia gereji na ugonjwa mmoja. Gari linagonga chini, mwenyewe ameshanunua bushi mpya (mpira wenye bomba la chuma katikati), fundi ameshalala uvunguni, na bolti ya loa amu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini, imegoma. Hapo ndipo fujo huanza: paipu refu linachomekwa kwenye spana, nyundo kubwa inaitwa, wanaitana watu wawili wa kuvuta. Bolti inakatikia ndani, au nati iliyochomelewa ndani ya krosimemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari) inang'oka na kuanza kuzunguka peke yake. Kazi ya nusu siku inakula wiki, na mwisho gari linaondoka na bolti iliyonunuliwa duka la mabati na misumari. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, nitalifikia.

Kwanza tujue kutu hii inatoka wapi. Magari yetu mengi yametembea Japani kabla ya kuja kwetu, na yaliyoishi Hokkaido, Tohoku au Niigata yamepita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Linashuka bandarini Dar linang'aa juu, lakini chini kazi imeshaanza. Likija Rungwe, sehemu nyingine mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, tope la Tukuyu linaganda kwenye bushi na halikauki vizuri. Makete na Njombe kuna ukungu na baridi, unyevu hauondoki hadi jua limepanda. Na wale wanaobeba mbolea kwenye pikapu, tafadhali osheni chini baada ya safari. Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi chumvi na zinavuta maji, zinakula chuma kimya kimya.

Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza. Kwenye upenyo mwembamba kati ya bolti na lile bomba la chuma lililo katikati ya bushi, kutu inajaza, inabana, na vitu viwili vinakuwa kimoja. Ndiyo maana nasema usianze na nguvu. Anza kwa kujua bolti imeshikwa na nini.

Inaweza kuwa imeshikwa kwenye thredi (yale meno ya bolti ambayo nati hupita), yaani nati haitaki kulegea. Hii ndiyo nyepesi. Inaweza kuwa nati imetoka vizuri kabisa lakini mwili wa bolti umeungana na bomba la bushi. Hii ndiyo inayotesa watu, na dalili yake ni hii: ukigeuza kichwa cha bolti kinakubali robo mzunguko, ukiachia kinarudi chenyewe. Unachozungusha hapo ni mpira wa bushi, bolti haijaachia chochote. Kama bushi unabadilisha, endelea kuzungusha huku na huku, mpira ukikatika si hasara. Kama bushi ni nzima na ulitaka kuibakiza, simama hapo hapo.

Ya tatu watu wanaisahau: bolti haina kutu ya kutisha, ila amu inaning'inia na uzito wote umeiegemea. Weka jeki chini ya amu, pandisha taratibu huku ukijaribu kuchezesha bolti. Kuna sehemu itakuwa nyepesi ghafla. Hapo isukume, itatoka bila nyundo.

Kabla ya yote, gari likae kwenye stendi za chuma. Mawe na magogo yaacheni. Kazi hii ni ya kuvuta na kugonga, gari linatikisika, na wewe uko chini yake.

Utaratibu ninaoufuata: sugua thredi zinazoonekana kwa brashi ya waya mpaka zing'ae, kwa sababu dawa haipenyi tope na magamba. Puliza dawa ya kutu jioni, rudia asubuhi. Tumia soketi ya pembe sita, inayoingia kwa kubana. Zile za pembe kumi na mbili zinakula kona za nati ngumu. Anza kwa KUKAZA kidogo ili kutu ipasuke, ndipo ulegeze. Ikianza kutembea usiivute moja kwa moja. Legeza robo, rudisha kidogo, puliza dawa, legeza tena. Ukisikia imekuwa nzito ghafla huku imeshatoka nusu, unga wa kutu umejaa kwenye thredi. Irudishe ndani kwanza. Anayelazimisha hapo ndiye anayekata bolti.

Ukifika kwenye kugonga, usigonge ncha tupu. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya bolti, ndipo ugonge, thredi zinapona. Na zile bolti za alaimenti (kurekebisha pembe za magurudumu), zenye washa ya duara ambayo tundu lake haliko katikati, weka alama ya rangi kabla ya kulegeza. Bila alama gari litatoka linakwenda upande hadi kwa mtu wa alaimenti.

Karibuni tuendelee.

---

Mzigo_Isongole

Mkuu heshima yako. Nina Hilux nabebea viazi na mbolea, umenigusa kabisa. Swali: hapa kwetu fundi akiona imegoma anakimbilia gesi. Moto ni sawa au anaharibu?

---

Spana19

Mkuu Mzigo, moto ni dawa nzuri sana ukitumika mahali pake. Unapasha NATI, bolti unaiacha. Nati ikipata joto inatanuka, inaachana na bolti iliyo bado baridi kidogo. Ukipasha vyote viwili pamoja vinatanuka pamoja, hujafanya kitu. Basi mwali uwe mdogo, ulenge nati pembeni, haraka, kisha spana.

Ila angalia kilicho jirani: paipu za breki, waya wa sensa ya ABS, buti ya draivu shafti, bomba la mafuta, bolijointi. Bushi ikishika moto inatoa moshi mzito ambao si wa kuvuta. Na jambo ambalo vijana wengi gereji hawaambiwi: dawa za kusafishia breki, zile zenye klorini, zikikutana na moto au kuchomelea zinatoa gesi ya sumu kali. Ukishapuliza hiyo, sahau gesi siku hiyo.

Amu au nako (kile chuma kinachobeba beringi ya gurudumu) ya aluminiamu usiipige mwali kabisa. Chuma kinakuonya kwa kuwa chekundu. Aluminiamu haikuonyi, safi inayeyuka kwenye nyuzi joto 660, iliyochanganywa inawahi zaidi, na kabla ya hapo imeshapoteza ugumu.

Na bolti yoyote iliyokuwa nyekundu kwa moto ni ya kutupa. Ugumu wake ulitengenezwa kiwandani kwa joto lililopimwa, ukiipasha ovyo umeufuta. Inaonekana nzima, haina nguvu ile.

---

Gereji_Ipogolo (Iringa)

Vijana mnaongea vizuri. Niongeze la kizamani. Nati ikishapata joto, gusisha kipande cha nta ya nyuki au mshumaa kwenye thredi. Nta inayeyuka na kunywewa ndani hadi mahali ambapo dawa ya kupuliza haifiki. Subiri ipoe kidogo, ijaribu. Nimetoa nati nyingi za malori kwa njia hiyo.

La pili, bolti iliyoungana na bomba la bushi isikupotezee siku nzima. Ikishakataa jeki, dawa na nyundo, KATA. Pita kati ya bushi na breketi (yale masikio ya chuma yanayoshika bushi), upande huu na upande ule, amu inashuka na kipande cha bolti ndani yake. Ukiwa na grenda na diski nyembamba ni dakika chache, ila betri itoke, tangi la mafuta lifunikwe, na mtu asimame na ndoo ya mchanga. Mahali grenda haiingii, blade tupu ya heksoo uliyoifunga kitambaa mkononi inafanya kazi. Inachosha, lakini breketi inabaki salama. Breketi ya bodi ndiyo mali. Bolti na bushi vinanunuliwa.

Nati ikizunguka ndani ya krosimemba, usiendelee kuizungusha ukitumaini. Toboa dirisha dogo pembeni, ishike kwa spana, fungua, kisha chomelea nati upya na dirisha uzibe, upake rangi.

---

Spana19

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya nta naikubali kwa mikono miwili. Na hilo la kukata ningeomba kila mwenye gari alisome, kwa sababu wapo wanaodhani fundi akikata bolti ameshindwa kazi. Anayekata bolti ya elfu kadhaa ili kuokoa breketi amekuokolea pesa.

---

Binti_Mafinga

Asanteni kwa somo. Mimi si fundi, natumia Harrier kwenda na kurudi Njombe kila wiki. Nitajuaje fundi amenirudishia bolti inayofaa? Maana nikikabidhiwa gari, juu naona kila kitu kiko sawa tu.

---

Spana19

Dada Binti, swali lako ndilo kiini cha uzi huu, naomba nilijibu kwa kirefu.

Bolti ya saspensheni, yaani ya vyuma vinavyoshika magurudumu, inaonekana kama bolti nyingine yoyote, na hapo ndipo watu wanaponzwa. Tazama kichwa chake. Utakuta namba imegongwa: 8.8, 10.9 na kadhalika. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika kwa megapaskali. Ya pili inakuambia inaanza kujinyoosha bila kurudi ikifika sehemu gani ya kumi ya nguvu hiyo. 10.9 inakatika kwenye 1,000 hivi na inaanza kujinyoosha kwenye 900. Ya dukani isiyo na namba, au yenye 4.6, inakatika kwenye 400. Yaani umetoa kitu na kurudisha kisichofika hata nusu yake, halafu unashuka nacho mlima na familia ndani. Baadhi ya bolti za Toyota hazina namba za nukta, zina namba moja nzima tu kama 8, 9 au 11. Huo ni utaratibu wao wenyewe, ndiyo maana nasisitiza ubaki na bolti ya kuvuliwa mkononi uende nayo dukani.

Thredi nazo. Gari la Kijapani kwa M12 (bolti ya unene wa milimita 12) hutumia sana hatua ya 1.25, yaani milimita kutoka jino hadi jino, na kwa M14 hatua ya 1.5. Bolti za ujenzi za M12 ni 1.75, na M14 ni 2.0. Fundi asiye makini anachukua nati ya 1.75, anailazimisha kwenye bolti ya 1.25, inaingia mizunguko miwili mitatu kwa kulia, anaona imekaza. Haijakaza, imekula thredi. Nati inayofaa unaiingiza kwa vidole viwili mpaka karibu na mwisho. Ile ya kujifunga yenyewe itakaza sehemu ya mwisho tu, na hiyo ikishatolewa inabadilishwa, haitumiki mara ya pili.

Kitu cha tatu ambacho hata wenye maduka ya spea hawakisemi: sehemu laini ya bolti, isiyo na thredi. Ya kiwandani ina urefu uliopimwa ili breketi na bomba la bushi vikae kwenye chuma laini. Bolti yenye thredi mwili mzima inaweka meno yake ndani ya tundu la breketi, na kila shimo la barabarani yale meno yanasaga kama tupa. Baada ya muda tundu limekuwa yai, gari linagonga tena, na safari hii unachomelea bodi.

Kwa hiyo dada yangu, mwambie fundi kabla hajaanza: "Bolti za zamani zote nikute umeziweka kwenye mfuko." Zilinganishe na mpya: urefu, sehemu laini, namba ya kichwani. Hapa Mbeya, Mwanjelwa na Kabwe zinapatikana kwa kuuliza maduka mawili matatu. Zisipopatikana, agiza Kariakoo zije na basi. Gari likikaa siku mbili linasubiri bolti, hiyo si hasara.

---

Mzigo_Isongole

Si bora basi niweke 12.9 niwe na uhakika zaidi?

---

Spana19

Hapana mkuu. Weka ya daraja alilochagua mtengenezaji. 12.9 ni ngumu zaidi lakini inavumilia kidogo kujipinda kabla ya kupasuka, na kwenye unyevu na kutu inaweza kupasuka ghafla bila dalili. 10.9 ikizidiwa hujinyoosha kwanza, na unaweza kuona.

---

Forester_Tukuyu

Mimi Subaru yangu ya zamani, nyuma, ile bolti ndefu inayopita kwenye nako na kushika linki mbili (vile vyuma virefu vinavyounganisha nako na gari). Mafundi wawili wameikimbia. Nifanyeje?

---

Spana19

Hiyo ni maarufu kwa jina baya, kila anayefanya Subaru anaijua. Bolti moja ndefu inapita kwenye linki ya mbele, nako, na linki ya nyuma, kwa hiyo mwili wake wote umo ndani ya chuma, na maji yakiingia hayana pa kutokea. Nati inatoka, bolti inabaki.

Usiigonge ikiwa kwenye gari. Nguvu yote inapotelea kwenye bushi za pembeni. Kata kati ya linki na nako pande zote mbili kama alivyoelekeza mzee wa Ipogolo, toa nako nzima, ipeleke kwenye presi, ile mashine ya kusukuma vyuma kwa nguvu kubwa. Mwombe mwenye presi apashe nako kwanza kisha asukume bila kusita. Presi ya kuvutavuta inapinda bolti ndani. Fahamu kabla hujaanza kwamba utahitaji bolti mpya, linki au bushi zake, na huenda beringi ikiguswa na joto. Nunua vyote kwanza, ndipo uvue gari. Mafundi waliokimbia huenda waliona huna spea mkononi.

---

Gereji_Ipogolo

Kurudisha: mimi napaka grisi bolti nzima, mtu wa kesho asiteseke kama mimi.

---

Spana19

Mzee wangu, kwa mwili laini na ndani ya bomba niko na wewe, tena grisi ya shaba au ile isiyosombwa na maji. Kwenye thredi ndipo ninapoomba tahadhari. Torki (kipimo cha nguvu ya kukaza) iliyo kwenye kitabu cha gari huandikwa kwa thredi kavu, labda kitabu chenyewe kiseme vinginevyo. Ukipaka grisi msuguano unapungua, ukikaza kwa kipimo kile kile unaivuta bolti kuliko ilivyokusudiwa. Mimi mwili laini naupaka, thredi nazisafisha na kuziacha, ncha inayobaki nje ya nati naipaka rangi au nta baada ya kukaza. Maji huingilia pale.

Na sasa jambo ambalo kwa maoni yangu linaua bushi mpya nyingi Mbeya kuliko barabara mbovu. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti. Bomba lake linabanwa na breketi, linakaa tuli, na amu inapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojisokota. Fundi akikaza bolti gari likiwa juu ya jeki na miguu inaning'inia, ameufunga mpira kwenye hali ya kuning'inia. Ukiteremsha gari, mpira tayari umesokotwa kabla hata hujaondoka, na utabaki hivyo usiku na mchana. Ukikutana na matuta ya barabarani, unachanika. Mteja anarudi baada ya muda mfupi, fundi anasema "bushi za siku hizi feki." Nyingine ni feki kweli, lakini nyingi zimekazwa juu.

Weka bolti zote, nati ziingie kwa mkono na zikazwe kidogo tu. Teremsha gari kwenye mbao nene au rampu ili upate nafasi ya kuingia, litikise juu chini likae sawa, ndipo kaza kwa torki renchi. Usipokuwa na mbao, weka jeki chini ya amu karibu na gurudumu, pandisha mpaka bodi ianze kunyanyuka kwenye stendi, kaza hapo. Kipimo kisome kwenye kitabu cha gari lako. M12 na M14 hazifanani, na hata M12 ya mbele na ya nyuma zinaweza kutofautiana. Usikadirie kwa nguvu za bega, maana bega la asubuhi na la jioni halilingani.

Baada ya hapo alaimenti. Hata kama ulirudisha alama zako sawasawa, bushi mpya zimebadilisha pembe.

---

Kitonga_Chini

Mimi dereva, Iringa–Dar. Nimebadilishiwa bushi na bolti za mbele wiki hii, sasa nikishika breki nasikia "tok" moja, nikiachia nasikia tena. Keshokutwa nasafiri. Ni bushi mpya zinazoea?

---

Spana19

Kaka, bushi mpya hazizoei kwa kugonga. "Tok" moja ya breki na moja ya kuachia ni dalili ya amu kusogea mbele na nyuma kwenye breketi, yaani bolti haijabana bomba la bushi, au tundu limeshakuwa yai. Sikiliza pia kama gari linavuta upande ukifunga breki na kurudi ukiachia.

Rudi kwa fundi leo. Gari likiwa chini, akague kila bolti kwa torki renchi. Ikigeuka hata kidogo kabla ya kufika kipimo, umepata. Ikiwa imekaza na bado inagonga, aitoe mkaone tundu na sehemu laini ya bolti kwa macho. Ikiwa sawa, apige mstari wa rangi unaopita kwenye nati hadi kwenye breketi. Siku ya safari simama Ilula kabla ya kuanza kuteremka mlima wa Kitonga, washa tochi, angalia ile mistari. Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka, na hapo Kitonga hushuki mpaka ikazwe.